UZI: "Kavuna alichopanda" – mgonjwa aliyeacha dozi, karma, na mipaka ya kushuku

#1 KipimoKwanza

Wakuu, kila ikija habari ya mtu aliyeacha dozi akakimbilia kikombe, nyungu au chupa ya mitishamba, kisha akafa, maneno yanayofuata ni yaleyale: "kavuna alichopanda", "karma haina haraka", "tulimwambia". Wanaoandika hivyo mara nyingi ni watu wanaodai ushahidi kwa kila dawa. Mimi naona sentensi hiyo yenyewe haina ushahidi, na ina madhara, ndiyo maana nafungua uzi.

Nianze na kesi tunayoijua wote. Mwaka 2011 watu kutoka Tanzania nzima, Kenya na kwingineko walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja, shilingi 500, dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na mengine sugu. Foleni ya magari ilifika kilomita kadhaa, na wapo waliofia humo humo foleni. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021.

Waliouliza maswali wakati ule walikuwa sahihi kabisa. Kikombe kimoja kina dawa kiasi gani? Kinatibu vipi magonjwa hayo yote yasiyo na chanzo kimoja? Aliyepona alipimwa na nani, lini, kwa kipimo gani? Lakini wengi waliishia kumcheka aliyepanga foleni, na hawakueleza jambo ambalo lingemsaidia: KWA NINI mtu anayeacha ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) anajiona amepona.

Jibu lipo. Ukiacha ARV, virusi huanza kupanda tena kwenye damu, kwa wengi ndani ya wiki 2 hadi 4. Kinga ya mwili haianguki siku hiyo. Hushuka taratibu, na mtu anaweza kula, kulima na kupanda basi miezi mingi bila dalili kubwa. Wakati huohuo yale maudhi ya vidonge (ndoto mbaya, kizunguzungu, kichefuchefu) yameondoka kwa sababu vidonge vimeondoka. Kwa hiyo wiki ya tatu baada ya kikombe mtu yuko kwenye afya nzuri kuliko kabla, kwa jinsi anavyojisikia. Amefuata alichokiona mwilini mwake. Tatizo ni kwamba mwili ulimpa jibu la mwezi huu, na jibu la mwaka ujao lilikuwa bado njiani.

Kisha kulikuwa na shimo la pili ambalo hakuna aliyelieleza pale foleni. Dozi nyingi za miaka ile zilikuwa na efavirenz au nevirapine, dawa zinazokaa mwilini muda mrefu kuliko wenzake. Ukiacha vyote siku moja, dawa nyingine zinaisha ndani ya siku chache, hiyo inabaki peke yake kwenye damu. Kirusi kinachozaliana mbele ya dawa moja hujifunza haraka, kwani badiliko moja tu linatosha kuifanya efavirenz isifanye kazi. Mtu huyo hata akirudi kliniki, dozi ya zamani inaweza isimshike tena.

Sasa niambieni, karma iko wapi hapo? Naona ratiba ya dawa kutoka mwilini, naona ratiba ya kinga kushuka, na naona mtu ambaye hakuelezwa yoyote kati ya hizo mbili.

#2 Ukindu

Mkuu KipimoKwanza, umeuweka vizuri. Mimi nishike hilo neno karma, maana linatumika ovyo.

Karma kwa Kisanskriti ni "tendo". Kwenye mafundisho ya Buddha uzito wake uko kwenye nia ya tendo. Na yapo mazungumzo yake na mtu aitwaye Sivaka, aliyemuuliza kuhusu wanaosema kila maumivu anayopata mtu yanatokana na matendo yake ya zamani. Buddha hakukubali. Alimtajia sababu 8: nyongo, kohozi, upepo, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutojitunza sawasawa, kushambuliwa, na ya mwisho matokeo ya karma. Yaani karma ni moja kati ya nane, na wanaoibebesha yote aliwaambia wamevuka mpaka wa kile wanachokijua wenyewe na kile kinachokubalika kuwa kweli duniani. Hao wanaomwandikia marehemu "karma" hawana hata idhini ya wenye neno lao.

Kwenye dini zetu huku ni vilevile. Yohana 9, wanafunzi wanauliza juu ya kipofu wa kuzaliwa: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Wakajibiwa, si yeye wala wazazi wake. Ayubu alikaliwa na rafiki waliomlazimisha akiri kosa, na mwisho wa kitabu wao ndio wanaokemewa. Na Waislamu tuna hadithi mbili zinazokwenda pamoja: Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, na ile ya mwenye ngamia aliyeambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Kumfunga ngamia ni kidonge. Tawakali haifuti kidonge.

"Malipo ni hapahapa duniani" kwa Kiswahili cha wazee ni neno la dhuluma: umemnyang'anya yatima shamba, utalilipa. Halikuwa neno la kumwambia mwenye saratani.

Anayeshikilia kwamba ugonjwa ni malipo aitazame sikoseli. Baba ana kinasaba kimoja, mama kimoja, wote wazima. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto mgonjwa. Na kinasaba hicho kimebaki kwa wingi katika nchi zetu kwa sababu mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mababu waliokibeba walipona malaria, ndiyo sababu tupo. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa saa nane usiku hakulipia chochote.

#3 Bandarini

Nawasoma kwa heshima, lakini mnateleza upande wa pili. Mkisema hakuna wa kulaumiwa, basi hakuna wa kuonywa. Mvuta sigara pakiti moja kwa siku miaka 30 anajua. Imeandikwa kwenye pakiti. Aliyetangaziwa redioni, kliniki na msikitini kwamba asiache dozi, akaacha, naye anajua. Aibu ina kazi yake katika jamii. Tukiwa wapole kwa kila uamuzi, wauza chupa barabarani watajenga maghorofa.

#4 KipimoKwanza

Mkuu Bandarini, tutenganishe sababu na adhabu. Sigara ni sababu ya saratani ya mapafu, hilo halina mjadala. Lakini wavutaji wengi hufa bila kuipata saratani hiyo, na wapo wanaoipata ambao hawajawahi kuvuta hata moja. Kama ni mahakama, basi inawaachia wakosaji wengi na kuwafunga wasiohusika. Sababu huongeza uwezekano tu, haimhukumu mtu.

Kuhusu aibu, angalia inafanya nini pale dirishani kliniki. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa anamwambia nesi "nakunywa vizuri". Nesi anaandika hivyo. Wingi wa virusi unarudi juu, daktari anadhani dozi imeshindwa, anambadilishia kwenda dozi ya pili ambayo hakuihitaji. Au presha iko 170, mgonjwa anasema anameza, anaongezewa kidonge cha tatu. Siku akilazwa na kupewa vyote vitatu kwa usimamizi, presha inaanguka hadi anazirai. Uongo mmoja wa aibu umezaa makosa mawili ya tiba.

Kwa wauzaji nakubaliana nawe mia kwa mia. Ukali wote upelekwe huko. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili waganga, vituo na dawa zenyewe. Muulize muuzaji mambo manne: namba ya usajili wa dawa, jina la mmea, kipimo kwa mililita au gramu, na nani asiitumie. Anayesema "haina madhara, inatibu magonjwa 40" amejibu swali la nne vibaya tayari. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru, ni kiasi tu kinachotofautiana.

#5 DarubiniYaMaabara

Naomba niingize vidonda vya tumbo, kwa sababu hapo ndipo kushuku kulikosea, kulaumu mgonjwa kukageuka sayansi, na mpaka leo mitaani tunalipia.

Kwa miongo mingi vidonda vya tumbo vilisemwa ni mawazo, hasira na pilipili. Mgonjwa aliambiwa abadili tabia. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria kutoka tumboni, baada ya sahani za maabara kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Wataalamu wengi walikataa: asidi ya tumbo haiwezi kuacha kiumbe hai. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo lake likawaka. Nobeli ilikuja 2005. Walioshuku walikuwa na haki ya kushuku mwanzoni. Kosa lao lilikuwa kukaa palepale baada ya ushahidi kufika.

Sasa ya vitendo, maana hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kusema wamerogwa.

Mdudu anaitwa Helicobacter pylori. Kuna vipimo vya aina mbili ambavyo watu wanavichanganya. Kile cha haraka cha damu kinatafuta KINGAMWILI, alama ambazo mwili umeacha baada ya kupambana. Hizo hubaki miezi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Cha kinyesi (antijeni) au cha pumzi kinatafuta mdudu mwenyewe. Mtu akitibiwa vizuri, kisha akapimwa tena kwa kile cha damu, atatoka chanya tena. Anapewa dozi tena. Chanya tena. Mara ya tatu anaambiwa "sugu", anaenda kwa mganga, na kama maumivu yametulia mganga anapata sifa ya dozi ya kwanza.

Namna sahihi ya kupima baada ya tiba: subiri angalau wiki 4 tangu kidonge cha mwisho cha antibiotiki, na uwe hujameza omeprazole au ndugu zake (vidonge vya kuzuia tumbo lisitengeneze asidi) kwa wiki 2. Ukipima huku bado unameza omeprazole, wadudu wanapungua bila kuisha na kipimo kinasema hasi ya uongo. Ukiwa na kiungulia kikali katika wiki hizo mbili, zile dawa za kutafuna za kupunguza asidi zinaruhusiwa.

Dozi inayotumika sana ni siku 14: omeprazole 20 mg mara mbili kwa siku, amoxicillin 1 g mara mbili, clarithromycin 500 mg mara mbili. Mwenye mzio wa penisilini lazima aseme, kwake amoxicillin haifai. Inashindwa wapi? Kwanza, watu huacha siku ya tano maumivu yakiisha. Pili, clarithromycin inaacha ladha ya chuma mdomoni, mtu anaruka dozi ya jioni ili ale vizuri. Tatu, omeprazole inamezwa baada ya kula, wakati inatakiwa nusu saa kabla. Nne, bakteria wenyewe wameshakuwa sugu kwa clarithromycin, na hapo kurudia dozi ileile ni kupoteza pesa, inatakiwa mchanganyiko mwingine.

Na kuna chanzo cha pili kisichohusiana na mdudu: dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini. Fundi ujenzi anayemeza diclofenac kila jioni kwa mgongo anaweza kuwa na kidonda bila mdudu hata mmoja. Huyo antibiotiki hazimfai.

Choo cheusi kinachong'aa kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni: hapo usisubiri kipimo cha kinyesi, nenda kapimwe kwa kamera ya tumbo. (Vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, kwa hiyo mjamzito asishtuke kabla ya kukumbuka anameza nini.)

#6 Pakacha

Asante DarubiniYaMaabara, hilo la kingamwili ni watu wachache sana hulielezwa.

Swali langu kwa wafamasia: baada ya yote haya, mitishamba yote ni bure? Maana upande huu nasikia "dawa ya kienyeji ni ushirikina", upande ule "dawa za hospitali ni sumu". Mtu wa kawaida ashike lipi?

#7 BiMkunazi

Mwanangu Pakacha, usishike lolote kati ya hayo mawili. Shika dawa moja, ugonjwa mmoja, kipimo kimoja.

Chukua pakanga ya Kichina, Artemisia annua. Tu Youyou na wenzake huko China walipitia maandishi ya kale, wakakuta maelekezo ya kuloweka mmea kwenye maji na kukamua, bila kutaja kuuchemsha. Majaribio yao ya awali yalitumia moto, na moto ulikuwa unaharibu kiini chenyewe. Wakabadili, wakatoa kiini kwa etha kwenye joto dogo, na mwaka 1972 wakaipata artemisinin. Nobeli 2015. Dawa mseto ya malaria unayopewa leo imetoka hapo. Aliyesema "majani hayo ni ushirikina" alikosea.

Lakini aliyechukua majani yaleyale akayachemsha nyumbani kama chai naye amekosea, na WHO haishauri chai hiyo kwa malaria. Kiini hakikubali maji vizuri, kiasi chake hubadilika kutoka mche hadi mche na mavuno hadi mavuno, na hakikai damuni muda mrefu. Mtu anapata nafuu ya homa, vimelea vinabaki, na waliobaki ni wale walioonja dawa bila kufa. Kwa mtoto chini ya miaka mitano nafuu hiyo ya siku mbili inaweza kuwa ndiyo siku mbili za kumwokoa zilizopotea.

Sasa michanganyiko, maana hili ndilo linaloua kimyakimya. Nitataja nilizo na uhakika nazo:

Kitunguu saumu cha kwenye chakula hakina neno. Kile cha vidonge, kwa kiwango kikubwa kila siku, kiliwahi kupimwa na dawa ya ARV iitwayo saquinavir, kikashusha kiwango chake damuni kwa karibu nusu. Dawa hiyo haitumiki sana siku hizi, ila somo limebaki: "chakula tu" kinaweza kuikata dawa.

Wanaomeza dozi ya ARV yenye dolutegravir, ambayo ndiyo ya wengi sasa: zile dawa za kutafuna za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huikamata tumboni isinyonywe. Meza dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma ni vivyo hivyo, isipokuwa ukivimeza pamoja na dolutegravir na chakula kwa wakati mmoja inaruhusiwa.

Urukususu, ule mzizi mtamu wa kikohozi. Ukitafunwa kila siku kwa wiki kadhaa hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha anayemeza na dawa ya kukojoza anaweza kuishiwa potasiamu hadi moyo ukaruka mapigo.

Balungi huzidisha nguvu za baadhi ya dawa, kama simvastatin ya kolesteroli na nifedipine ya presha.

Na chupa zisizo na majani ndani. Dawa ya "viungo na mgongo" inayofanya kazi ndani ya saa chache mara kadhaa duniani imekutwa imechanganywa deksamethasoni au prednisolone, dawa kali za hospitali za aina ya steroidi. Dalili zake: uso unajaa na kuwa mviringo, njaa inazidi, sukari inapanda kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari. Hapa onyo ni kinyume cha mazoea: kama ameitumia wiki nyingi ASIIACHE GHAFLA. Tezi zake za juu ya figo zimelala, akiacha siku moja anaweza kuanguka kwa presha ya chini. Aende hospitali na chupa yenyewe mkononi, ashushwe taratibu. Na zile za "nguvu za kiume" zimekutwa na sildenafil (kiini cha Viagra). Mwenye ugonjwa wa moyo anayeweka dawa ya naitreti chini ya ulimi akizichanganya, presha inadondoka vibaya.

#8 Bandarini

BiMkunazi shikamoo. Sasa hapo mimi ndipo ninapopata taabu. Jirani anasema: "Nimekunywa mlonge wiki moja, presha imetoka 168 hadi 146, na amlodipine nimeacha." Namba hizo anazo kwenye karatasi. Nitamwambiaje hajapona, na mashine imesema?

#9 BiMkunazi

Marahaba. Mashine haikusema uongo, lakini haikusema mlonge.

Kwanza, amlodipine hutoka mwilini polepole sana. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka. Aliyeacha Jumatatu bado ana dawa damuni Ijumaa. Wiki ya kwanza ya mlonge ni wiki ya mwisho ya amlodipine. Apime tena wiki ya tatu. (Atenolol na propranolol ni hatari zaidi, zikiachwa ghafla moyo hurudi kwa kasi na presha huruka juu.)

Pili, watu hupima siku kichwa kinagonga, baada ya kutembea juani, wakiwa na hofu. Namba ya siku mbaya ni ya juu kuliko kawaida yake. Ukimpima siku nyingine yoyote, hata bila kunywa kitu, itashuka. Ndivyo namba za mwili zilivyo: kilichopanda sana kwa bahati hurudi karibu na wastani wake.

Kwa hiyo mpe kazi, usimpe hukumu. Arudishe kidonge, aendelee na majani yake ya mlonge kama mboga. Apime hivi: siku 7, asubuhi kabla ya chai na vidonge, na jioni. Amekojoa. Hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa. Amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mara 2 kila kikao, apumzike dakika 1 katikati. Aandike zote, hata asizozipenda. Siku ya kwanza aifute, zilizobaki 24 atafute wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ambayo bado haijashikwa.

Yanayoharibu namba: mkanda mdogo kwenye mkono mnene (hupandisha), mkono unaning'inia chini (hupandisha), kuongea wakati mashine inabana (hupandisha), mkanda juu ya shati. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono.

Akitaka jambo la jikoni lenye ushahidi, chumvi. WHO inasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku hiyo, pamoja na iliyojificha kwenye mkate, dagaa waliokaushwa kwa chumvi na vile viungo vya mchemraba.

#10 Ukindu

Hapo nawaunga mkono. Ila naomba turudi kwenye kichwa cha uzi, mipaka. Kuna mgonjwa ambaye amepimwa, ameelezwa, anaelewa, na bado anasema hapana. Mama wa miaka 70, saratani ya shingo ya kizazi imefika mbali, amekataa mionzi, anataka kurudi kijijini, anywe maji ya dua na apigiwe nyungu na wanawe. Mtu wa kushuku afanye nini hapo?

#11 KipimoKwanza

Hapo kazi ya kushuku imekwisha. Kushuku ni chombo cha kupima dai. Mama huyo hajadai kwamba nyungu itaondoa uvimbe. Amechagua siku zake ziwe wapi.

Cha kuhakikisha ni kimoja: anaelewa anachokikataa. Mwombe aseme kwa maneno yake mwenyewe nini kitatokea akitibiwa na nini kitatokea asipotibiwa. Akiweza kusema yote mawili, uamuzi ni wake, hata kama wewe usingeuchukua. Asipoweza, kosa ni la maelezo, yarudiwe, kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtoto ni suala jingine kabisa: mzazi anaweza kukataa tiba yake, si insulini ya mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza. Huyo bila insulini anaanza kujaa asidi ndani ya siku chache.

Na kumkubalia mama haina maana ya kumwacha. Maumivu ya saratani yanatibika nyumbani. Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya maji imekuwa ikiwafikia wagonjwa majumbani. Huanza kidogo, kwa kawaida mg 2.5 hadi 5 kila saa 4, mtoa huduma akiipandisha kulingana na maumivu, na dawa ya kulainisha choo iandamane nayo tangu siku ya kwanza. Familia nyingi zinasubiri mpaka mgonjwa apige kelele ndipo wampe. Ni makosa. Morfini hutolewa kwa saa, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi.

Nyungu: sufuria iwekwe chini, mbali na mapaja, itolewe jikoni na kupoa kidogo kabla ya kufunika blanketi, na mgonjwa dhaifu asiachwe peke yake. Maji yanayochemka yakimwagika chini ya blanketi hana pa kukimbilia. Zaidi ya hapo, mwacheni afukizwe na wanawe.

#12 Pakacha

Swali la mwisho toka kwangu. Mtu aliacha ARV miezi kama 8 kwa ajili ya dawa ya chupa. Anataka kurudi, anaogopa atatukanwa na ataambiwa hakuna dozi tena. Akifika inakuwaje?

#13 DarubiniYaMaabara

Dozi ipo. Asianze mwenyewe na vidonge vilivyobaki kabatini, aende CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya wenye virusi), hata kama kadi imepotea.

Watamuuliza kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa sababu ya TB. Watapima CD4, yaani hesabu ya seli za kinga. Ikiwa chini ya 200 kuna vipimo viwili asikubali virukwe: cha mkojo cha TB, na cha damu cha kuvu wa kriptokokasi. Kama ana maumivu makali ya kichwa au shingo ngumu aseme HAPO HAPO, kabla hajapewa ARV, maana homa ya uti wa mgongo ya kuvu hutibiwa kwanza na ARV husubiri wiki kadhaa. Kuharakisha hapo kumewahi kuua.

Wingi wa virusi siku ya kurudi utakuwa juu, na hautamwambia mtu lolote zaidi ya kwamba aliacha. Kinachoangaliwa ni ule wa baada ya kumeza vizuri miezi kadhaa. Ukibaki zaidi ya 1,000, hupewa ushauri wa karibu juu ya umezaji, hurudiwa baada ya miezi 3, ndipo huzungumzwa kubadili dozi.

Aende na ile chupa. Si kwa ajili ya kukaripiwa, ini lake lipimwe kulingana na kilichomo. Na aseme tarehe ya kidonge cha mwisho kwa ukweli, hata kama ni "kati ya mfungo na Krismasi".

#14 Bandarini

Nimeipokea. Nauliza hapo kwa wenye kujua: akikuta nesi mkali dirishani?

#15 BiMkunazi

Aombe kuonana na mshauri nasaha au yule mwelimisha rika, kliniki nyingi wanao, na wengi wao wanaishi na virusi wenyewe. Aende na mtu mmoja anayemwamini. Sentensi ya kusema ni fupi: "Niliacha dawa mwezi fulani, nataka kuanza tena leo." Asianze na kuomba radhi, foleni ni ndefu na cha muhimu kiandikwe kwanza.

Na wewe unayemsindikiza, njiani usimuulize kwa nini aliacha. Muulize amekula nini asubuhi.